Kaburi la Mama Mwisho wa Ranwei

Jumatatu, 3 Februari

Nimepuliza vumbi kwenye kompyuta. Kazi ya kwanza ya kila Jumatatu. Ukiishi nyuma ya karakana ya seremala hapa Keko, feni ya kompyuta inakula mbao kuliko mchwa. Leo imetoa kiganja kizima.

Komenti nne mpya kwenye duka langu la mtandaoni. Mbili za sifa, moja inaulizia viwanja vya ndege vya Pemba, moja matusi matupu. Nimejibu tatu.

Saa nne Baba karuka. Chai, dawa ya sukari, halafu ndege ya kwenye kompyuta, kila siku ya Mungu. Mzee wa miaka sabini na moja, mguu mmoja, hajawahi kupanda ndege ya kweli. Usukani kajichongea mwenyewe kwa mninga, na pedali inayokanyagika kwa mguu mmoja. Mie nilifunga nyaya tu. Kiwanja cha ndege ni kilekile, cha kijijini kwetu Kusini, alichokuwaga anafyeka majani enzi za ujana wake. Nimekitengeneza mie. Ranwei ya udongo ya kurukia na kutulia ndege, kibanda cha mlinzi, mikorosho, mfuko wa upepo. Nakiuza kwenye duka la gemu mtandaoni, mtu anakishusha anakiongeza kwenye simuleta yake, gemu la kurusha ndege. Watu wa Ulaya na Bara Hindi wananunua kiwanja ambacho hata basi la kufika huko ni moja kwa siku. Huwa inanichekesha.

Baba akishatua anaisogeza ndege hadi mwisho wa upande wa mashariki. Pale kuna makaburi kumi na mawili. La Mama ni la tatu kutoka kwenye mkorosho. Anainua mikono, anasoma Fatiha, anazima injini. Wakati huo mie huwa natoka nje.

Jumatano, 5 Februari

Komenti ya tano. Rubani wa kweli, anaendesha ndege ndogo, anatua pale kila wiki. Kaandika kistaarabu kabisa: "Kazi nzuri dada, ila imepitwa na wakati. Ranwei imeongezwa tangu mwaka juzi. Upande wa mashariki hakuna makaburi tena. Rekebisha."

Nimezima skrini.

Haya. Niuandike ukweli mara moja, maana sijauandika popote. Makaburi yalihamishwa. Mtendaji wa kijiji alinipigia mie, namba ya familia aliyokuwa nayo ni yangu. Akasema kila familia ilete mtu, asimame kaburi lake likifunguliwa, amsindikize marehemu wake hadi anakohamia. Nikasema sawa, nakuja.

Sikwenda. Wiki ile nilikuwa natoa kiwanja changu cha kwanza dukani na tarehe nilishaitangaza. Nikajiambia Baba ndiyo kwanza katoka hospitali kukatwa mguu, asiambiwe mambo mazito. Mguu ulikuwa kisingizio. Nilitaka kutoa gemu yangu.

Baadaye nikatengeneza kiwanja cha kwetu kwa picha za zamani za setilaiti. Nilijua ni za zamani. Niliyajenga makaburi moja moja, la Mama nikalipaka chokaa. Baba alipoliona mara ya kwanza alilia kwa furaha, nami nikanyamaza.

Miaka miwili sasa. Simu yake ikiita na nikasikia lafudhi ya kwetu, nasogea mlangoni kusikiliza.

Ijumaa, 7 Februari

Baba karudi msikitini uso unang'aa. Kawaalika wazee wenzake watatu. Ijumaa ya mwisho ya Shaaban, tarehe 28, watakuja kuzuru kaburi la Mama hapa hapa Keko, kwenye ndege. Wamsomee dua, halafu tule, tuvunje jungu. Anataka skrini niihamishie karakanani ili wote waone. Benchi la kukalia keshaanza kulipima.

Nimesema sawa. Hilo ndilo neno langu. Linanitoka kabla sijafikiri.

Wazee wanne watainua mikono mbele ya mahali pasipo na mtu. Na mie nitakuwa jikoni nageuza pilau. Astaghfirullah, mimi ni mtu wa namna gani?

Jumatano, 12 Februari

Komenti tisa. Nyota zinashuka. Wanunuzi wanasema nimewauzia picha ya zamani, na kweli nimewauzia.

Nimeongeza ranwei. Nimeweka uzio. Ilibaki kufuta makaburi. Kuyajenga kulinichukua siku nne. Kuyafuta, bonyezo moja.

Shida ni kwamba duka likipata toleo jipya linaliingiza lenyewe kwenye kila kompyuta yenye kiwanja hiki, ya Baba ikiwemo. Kwa hiyo nimeingia kwenye kompyuta yake wakati yupo msikitini adhuhuri, nimezima lisiingie lenyewe. Dunia nzima itapata ukweli, Baba abaki na uongo wake. Nimeiandika sentensi hii na nimeisoma mara mbili, na bado sijabadili kitu.

Ijumaa, 14 Februari

Siku mbaya kuliko ile ya kumzika Mama. Naandika ilivyokuwa.

Asubuhi nilikwenda Bunju kwa Rehema, rafiki yangu wa chuo. Ana intaneti ya waya, huku kwetu faili kubwa halipandi. Nikalipakia, toleo likatoka, Rehema akanipongeza, nikanywa soda yake. Nimerudi alasiri.

Baba nimemkuta amekaa mbele ya skrini, mikono magotini. Ndege imesimama mwisho wa upande wa mashariki. Mbele yake ranwei mpya, tupu.

Kuzima kwangu kulizuia toleo lisiingie lenyewe tu. Kitufe kilibaki palepale. Baba kaona jina langu, kaona picha ya kiwanja, kaona kitufe cha bluu kinawaka kando. Kadhani nimemletea zawadi. Kabonyeza.

"Somoe, mwanangu, nisamehe," kasema. "Nimemfuta mama yako."

Mzee yule. Ananiomba mie msamaha.

Na mie nimejibu nini? Nimejibu, usijali Baba, nitamrudisha. Toleo la zamani ninalo kwenye flashi. Dakika kumi tu, mkorosho ukarudi, chokaa ikarudi. Kanishika kichwa kwa mikono miwili, kaniombea Mungu anizidishie.

Nimekwenda nyuma ya choo, nimetapika soda ya Rehema.

Jumapili, 16 Februari

Nimemwambia. Baada ya chai, kabla hajakaa kwenye ndege. Nilianza na simu ya mtendaji, nikamaliza na kitufe cha bluu. Hata ile "sawa, nakuja" nilimwambia ilivyokuwa.

Hakufoka. Kauliza jambo moja. Nani alisimama naye?

Nikasema hakuna mtu.

Kachukua magongo yake, katoka karakanani, kakaa juu ya magogo mpaka jua likamfuata. Nilimpelekea maji. Kayapokea bila kunitazama.

Hajaruka leo.

Jumatatu, 17 Februari

Anaitikia shikamoo yangu. Anakula ninachompakulia. Basi.

Jumanne, 18 Februari

Vilevile. Rubani kaniwekea nyota tano. Sitaki hata kuziona.

Alhamisi, 20 Februari

Tangu jana nasikia randa. Sikuthubutu kuchungulia. Mchana nimerudi sokoni nikakuta kibao kimewekwa juu ya kibodi yangu. Mninga mwekundu, urefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, kimepigwa msasa hadi kinateleza. Kakichonga kwa patasi ndogo jina la Mama, herufi zimenyooka: ZUHURA BINTI SELEMANI.

Kasimama mlangoni na magongo. "Peleka. Safari hii usimame wewe."

Maneno yake ya kwanza tangu Jumapili, ukiacha kuitikia salamu. Kesho alfajiri napanda basi Mbagala.

Jumamosi, 22 Februari, kijijini

Mtendaji ni mama wa makamo, mpole. Alinikumbuka. Hakunilaumu, na ingekuwa heri angenilaumu. Kafungua daftari la kaunta lenye jalada jeusi, kanionyesha kwa kidole. Makaburi kumi na mawili. Tisa yana majina, na pembeni majina ya waliokuja kusimama. Matatu yana namba tu. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Familia tatu hatukuja.

Nikauliza la Mama ni namba ngapi.

Hajui. Wachimbaji hawajui. Siku ile mvua ilikuwa inakuja, walioachwa bila watu walihamishwa mwisho, kwa haraka, mmoja baada ya mwingine. Kibao cha zamani cha Mama kiliwavunjikia. Chokaa yenyewe ilishafutika miaka mingi.

Makaburi mapya yako nyuma ya uzio wa kaskazini. Matuta matatu yamepangana, yanafanana kabisa. Nimesimama hapo na kibao kwapani tangu saa mbili mpaka adhuhuri. Nimesimama kweli, nimechelewa miaka miwili. Ndege ndogo ikaja ikatua. Huenda ni yule rubani wangu. Vumbi likatufunika sote, mie na wao watatu.

Sikukichomeka kibao. Nikichagua tuta, nitakuwa nimemdanganya Baba tena, na safari hii kwa jembe. Nimelia sana, kwa sauti, kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba leo. Mtendaji akanishika mkono, akanipeleka kwake nikanywe uji.

Jumatatu, 24 Februari

Nimefika jana jioni Baba amelala. Leo nimemwambia yote, nikamrudishia kibao.

Kakipokea. Kapitisha dole gumba juu ya jina, herufi moja moja. Nilikuwa tayari anipige na gongo. Nilitaka anipige.

Akauliza, na hao wawili ni wa nani?

Nikasema haijulikani.

"Nao wana watu wao," kasema, "waliosema sawa."

Nimeingia ndani nimejifungia. 

Jumanne, 25 Februari

Asubuhi randa tena. Nikatoka mbio, maana mlio ulikuwa wa kukwangua kitu kilichokwisha kuchongwa.

Anafuta jina. Kibao kimefungwa kwenye jiliwa, anapitisha randa juu ya Zuhura binti Selemani, polepole, jasho linamtoka. Nikapiga yowe, Baba! Hakuacha. Akamaliza, akapuliza, akapitisha kiganja. Kibao kitupu.

Kando yake mbao nyingine mbili za mninga, kipimo kilekile.

"Shika huku mwisho," kasema.

Nikashika. Tumefanya kazi mpaka alasiri. Yeye anaranda, mie nashikilia, halafu mie napiga msasa, yeye anachonga. Vyote vitatu kaviandika neno moja, herufi zilezile zilizonyooka: TUMEKUJA.

Nimeokota maranda ya kile cha kwanza. Yamo ndani ya shajara hii, ukurasa wa nyuma.

Alhamisi, 27 Februari

Jana nimekesha mchana kutwa kwenye kompyuta, kama ipo lugha ya namna hiyo. Nimejenga makaburi mapya nyuma ya uzio. Tisa nimeyaandika majina kutoka kwenye daftari, nilimwomba mtendaji ruhusa kwa simu. Matatu nimeyawekea vibao vya mninga. Nilipiga picha vibao vyenyewe ili rangi isikosee.

Leo Bunju tena, nimepakia. Rehema kauliza mbona macho yamevimba. Nimemwambia yote. Hakunipongeza, hakunipa soda. Kakaa na mie tu mpaka faili likaisha kupanda. Nimemshukuru kwa hilo.

Jioni nimefungua kompyuta ya Baba, nimewasha toleo liingie lenyewe. Na nimeiponda flashi kwa nyundo yake.

Ijumaa, 28 Februari

Wazee wamekuja baada ya swala, kanzu nyeupe, wakajipanga kwenye benchi jipya. Skrini niliiweka juu ya meza ya randa. Mie nikakimbilia jikoni.

Baba kawaeleza mwenyewe. Nilisikia kila neno nikiwa na mwiko mkononi. Kwamba kaburi lilihamishwa. Kwamba sie tuliitwa na hatukwenda. Kasema "sie". Kisha akaniita. Nikasema pilau litaungua. Akasema liungue.

Nikakaa mwisho wa benchi, mtandio hadi machoni.

Akaruka. Akatua kwenye ranwei mpya, ndefu, akaisogeza ndege taratibu hadi kwenye uzio wa kaskazini. Kutoka kwenye kiti cha rubani vibao vinaonekana vidogo kama kucha. Mzee mmoja akauliza, Bi. Zuhura ni yupi? Baba akajibu, mmoja wapo.

Wakasoma kwa wote watatu. Dua ndefu. Safari hii sikutoka nje.

Pilau liliungua chini. Walikula hivyohivyo, wakaomba na ukoko.

Jumapili, 2 Machi

Mfungo umeanza. Keko kimya, hata misumeno imechelewa kuamka.

Nimeandika maelezo ya toleo jipya dukani. Ranwei imeongezwa. Makaburi yamehamishiwa nyuma ya uzio wa kaskazini. Vibao vitatu vimeongezwa.

Baada ya muda rubani akajibu. Kasema jana alitua pale, akaenda hadi kwenye uzio kuangalia, na hivyo vibao hajaviona.

Nimemjibu: Vinafika Jumanne.

Nimevifunga kwenye kanga ya Mama, viko karibu na mlango. Baba hajaruka leo. Alikuwa anapaka mafuta magongo yake. Tiketi ni mbili, siti za mbele, apate pa kunyooshea mguu.