Kengele ya Mlango wa Tata

Muleba, 4 Mei 2025

Kaka Avit,

Salaam nyingi za hapa nyumbani. Mimi mzima, Mama naye mzima ila mguu. Huko baridi imepungua?

Tata ni yuleyule, baba yetu anazidi kusahau. Alhamisi alivaa koti akatoka, eti amechelewa kazini bandarini Kemondo, na kazi yenyewe aliiacha miaka ishirini iliyopita! Kengele uliyotufungia mlangoni, hiyo unayoiendesha kwa kompyuta ukiwa huko, ndiyo iliyotuokoa. Mlango ulipofunguka ililia, nikamkimbilia.

Ila jana jumuiya ilisali kwetu. Loo! Kila mtu akiingia, kengele. Mama Mushumbusi akauliza kama tumefungua benki. Mama aliona aibu kweli. Zamu yetu imebaki Jumamosi moja, hebu inyamazishe asubuhi hiyo.

Halafu niwekee ule mtindo wa michoro ulionionyesha, vijisanduku vilivyounganishwa kwa mistari. Mstari ukitoka mlangoni ukaenda kwenye kengele, hata mimi fundi cherehani naelewa. Haya maandishi yako ya amri kwenye kompyuta ni msitu.

Mdogo wako,
Joviana

Edmonton, 6 Mei 2025

Mdogo wangu Joviana,

Hamjambo hapo? Mimi namshukuru Mungu. Mpe Mama pole ya mguu. Hiyo ya benki nimecheka peke yangu kwenye basi.

Nimeshaandika: Jumamosi, saa moja hadi saa tatu asubuhi, kengele inyamaze.

Michoro hapana. Inapendeza ukiwa na taa mbili. Ukiongeza vitu, mistari inapandana kama maboga shambani, hujui lipi limetokea wapi. Maandishi nayahifadhi, na mashine ya hapo nyumbani ikifa nayarudisha yote kwa dakika kumi. Ndicho nilichosomea, niamini. Na tafadhali usiyaguse. Ukikosea mahali pamoja, nyumba nzima inazima.

Kaka yako,
Avit

Muleba, 14 Mei 2025

Kaka,

Hujambo? Sisi tunasukuma siku. Jumamosi hii jumuiya inahamia kwa akina Mushumbusi. Je, umeiondoa ile amri ya kunyamaza, isije ikanyamaza tena? Nimefungua kompyuta nikaona Jumamosi imetajwa mara tatu. Sijui ipi ni ya kengele na ipi ni ya pampu ya maji. Mama ataenda kusali, nitabaki na Tata peke yangu. Nijibu mapema, waitu, nakuomba.

Mdogo wako,
Joviana

Muleba, 16 Mei 2025

Kaka, uko salama kweli? Simu hupokei. Nijibu hata neno moja. Nimekaa mbele ya hayo maandishi saa nzima, kidole tayari, nikakumbuka ulivyonikataza. Sijagusa.

Mdogo wako

Edmonton, 17 Mei 2025

Joviana, nisamehe, hata salamu sina. Wiki hii yote ni zamu mbili mfululizo, simu inabaki kwenye kabati la getini, nikirudi naanguka kitandani. Ndiyo kwanza nasoma barua zako. Amri sikuiondoa, nilisahau. Na mashine imeniandikia: mlango umefunguliwa saa moja na dakika arobaini, kengele imenyamazishwa. Ujumbe wa kufungwa sijauona. Niambie Tata yuko ndani. Pokea simu, Joviana, pokea!

Kaka yako

Muleba, 2 Juni 2025

Kaka Avit,

Salaam. Mama hali chakula, ukiuliza hali zetu ndiyo hivyo.

Kwenye simu nilikuwa nalia tu, hukusikia vizuri. Nilikuwa jiko la nje namenya ndizi. Dakika kumi, kaka. Tumemtafuta kibanja kwa kibanja, migomba yote, na barabara yote mpaka Kemondo. Dereva mmoja wa bodaboda alimwona mzee mwenye koti, akamwamkia, akapita. Wiki mbili sasa. Polisi wanasema tusubiri.

Sikulaumu. Uongo, nakulaumu. Halafu najilaumu mimi, halafu nachoka.

Mchoro uliotuma jana nimeufungua. Nimeuelewa palepale: mlango, mstari, kengele. Watu wanakuja kutupa pole tangu asubuhi. Kila mmoja akiingia inalia, na kila ikilia Mama anainuka na mguu wake kwenda kutazama. Nilitaka kuizima apumzike. Mstari wa kufuta naujua. Nimeshindwa kuufuta.

Mdogo wako,
Joviana