Pilau ya Wageni

Langley Park, Julai 2004

Shikamoo Babu,

Joto la huku ughaibuni ni kama la Tanga. Jumamosi tulicheza mpira na Wakongo. Nilikuwa nimeshajigamba kwa kila mtu kwamba wewe ndiwe uliyekuwa katibu wa mpira wakati timu za nchi jirani zilipoanza kuja kwetu, kwa hiyo nikapewa kazi ya kupokea wageni. Mechi ilipoisha nikawapakulia pilau vijana wetu kwanza. Wageni wakakuta ukoko.

Mzee mmoja wao, aliyewahi kuja kwetu kama mchezaji enzi zako, aliula wote. Kisha akaniuliza taratibu kwa Kiswahili cha kwao, “Babu yako angali anakulaka nyuma ya wageni wote kushiba?” Nikajibu ndiyo, bado unakula wa mwisho, nikiangalia viatu vyangu.

Uzidi kuwa na afya, Babu. Pokea salamu zake kwanza, halafu ndipo zangu.

Mjukuu wako,
Neema