Alama Iliyobaki Kibuyuni

Mwalimu wangu,

Nimeolewa! Nani mwingine ningemwandikia kwanza kama si wewe? Nimeolewa na Mokaya. Ndiyo, Mokaya yule yule wa maziwa. Nimekaa mlangoni pa nyumba yetu hapa Litein, umande bado uko kwenye majani ya chai, na yeye yuko jikoni anapika chapati huku akiimba. Anaimba vibaya, Mwalimu, vibaya sana, na masikio yangu hayajawahi kusikia kitu kitamu hivyo.

Ulipozikwa hatukuwa hata tumechumbiana. Inaniuma. Ungecheka wewe! Maana ni wewe uliyetukutanisha, kwa ile njia yako ya kusahihisha tafsiri.

Tulikuwa kidato cha tatu. Ulituandikia ubaoni kwa Kikipsigis jinsi ya kutengeneza mursik, maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, ukataka tuandike maelezo hayo kwa Kiswahili. Sisi tuliokunywa mursik tangu utotoni tulimaliza haraka tukijisifu. Lakini hukushika kalamu nyekundu. Karatasi zetu uliwagawia wanafunzi ambao kwao maziwa hayatiwi kibuyuni, ukawaambia wafuate walichosoma, basi. Yangu ilimwangukia Mokaya, mtoto wa wachuma chai waliotoka Kisii. Niliposimama kwenda kumwelekeza, ukanizuia: "Kaa hapo, mama. Mwandishi hatembei na karatasi yake."

Aki Mwalimu, harufu ya kile kibuyu! Mokaya alikileta darasani amekinyoosha mbali na pua. "Dada, nimefuata kila neno," akasema mbele ya watu wote. "Sasa mbona unataka kuniua?" Darasa zima likaangua kicheko. Alikuwa amemimina maziwa yakiwa moto, kwa sababu sikuandika kwamba yaachwe yapoe. Nikajitetea kuwa hata wewe hukuandika ubaoni. Ukasema kwetu hakuna anayeliandika hilo, kila mtu analijua, na mfasiri lazima ampe mgeni hata yale ambayo mwenyeji haoni haja ya kuyasema. Chini ya karatasi hukuweka namba. Uliandika tu: "Imefika nusu ya njia." Wenzangu waliokumbuka kuliandika hilo walipata "Imefika." Mimi nilipata nusu ya njia na kijana anayenuka maziwa, na leo siwezi kubadilishana na yeyote.

Sasa sikia. Mokaya alipokuja kwetu Chepseon na wazazi wake kunichumbia, Gogo, yule nyanya yangu aliyenilea, alingoja hadi chai ikaisha. Kisha akasema kwa Kikipsigis: "Waniletee mursik ya nyumbani kwao." Hakuongeza neno. Shangazi zangu wakainamisha vichwa. Walisikia kukataliwa, maana nyumbani kwa akina Mokaya hakuna mursik, na bila baraka ya Gogo mimi nisingeolewa. Nilijifungia chumbani nikalia.

Halafu nikakukumbuka. Nikajiuliza, Gogo ameacha kusema nini? Nikamwona akilini, mama mzee akija kunitembelea kwa watu asiojua lugha yao, ameketi, anangoja kuona atapewa nini. Mwalimu, hakuwa anakataa! Alikuwa anauliza kama kutakuwa na kikombe chake kwetu.

Nikarudi kwake nikamwomba aniambie anavyotengeneza yake. Nilimsumbua kwa maswali. Kibuyu kikauke namna gani? Mkaa wa mti wa senetwet usagwe ndani ya kibuyu mpaka lini? Maziwa yapoe kabisa? "Kwani wewe ni mgeni hapa?" akanikemea, lakini akajibu. Yote nikayaandika kwa Kiswahili, nikampa Mokaya. Mama yake alimcheka mpaka akashika mbavu: "Mwanaume na kibuyu! Utaanza na kukamua pia?" Nami moyo wangu wote ulitamani kukimbia kwao Litein nikasimame kando yake. Sikwenda. Nilikaa Chepseon nikiuma kucha, kama ulivyonifundisha.

Siku ilipofika, Mokaya aliinama akammiminia Gogo kwa mkono wake. Gogo akanusa. Akaonja, akafumba macho. Akamtazama Mokaya, mara ya kwanza kumtazama usoni, akasema, "Mkaa umezidi kidogo."

Kisha akanyoosha kikombe aongezewe.

Shangazi zangu walipiga vigelegele hadi ng'ombe wakashtuka. Mimi nililia tena, ila machozi hayo yalikuwa mengine kabisa. Tulifunga ndoa kanisani, na Gogo alicheza mbele ya watu na kanga mpya, akimshika mkono mama yake Mokaya. Hawaelewani hata neno moja. Wanacheka tu.

Watoto wa kanisa la hapa wameniomba niwasaidie insha na tafsiri siku za Jumamosi. Mimi niliyeishia kidato cha nne! Nimekubali. Nakuahidi nitasahihisha kwa njia yako: karatasi itaenda kwa mtu asiyejua, na mwenyewe atakaa kimya angoje. Watanichukia kama tulivyokuchukia, halafu siku moja wataelewa.

Mokaya ananiita, chapati ziko tayari. Pumzika vizuri, Mwalimu wangu mpendwa. Ile nusu ya njia iliyobaki usihangaike nayo tena. Gogo anakuja kesho kukaa nasi, na ametuma kuuliza kama kibuyu kimejaa.

Mwanafunzi wako,
Chebet