Siku Bi Zuhura Alipomnyima Jirani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekuachia kidogo, na mwanangu Mwakio anakula bila kukimbizwa na kijiko. Mimi ni mzima, ila Amu, kama wenyewe wanavyoiita Lamu yao, imeninenepesha. Utadhani nilikuja huku kula, si kuuguza. Barua anakuletea muuguzi mwenzangu anayekuja Voi likizo. Usimwache aondoke bila chai.

Nimeandika kwa sababu simuni unapiga kelele kama unaniita kutoka ng'ambo ya mlima, nami nina habari ndefu. Ni za Bi Zuhura, bibi wa mtaa wa Langoni, niliyempenda sana.

Alikuja wodini kwetu na mjukuu wake, Swafiya. Mtoto ana homa kali, vijidudu vimeingia kwenye damu. Tukampa dawa tuliyoizoea, homa haikushuka. Tukabadilisha, wapi! Daktari akamwuliza bibi amewahi kumpa dawa gani nyumbani. Akajibu bila kuficha, "Zote." Nyumba za kale za hapa zina zidaka, vishubaka vya ukutani vya kupangia vyombo vya fahari. Vyake vilijaa chupa za dawa zilizobaki. Langoni dawa huombwa kama chumvi: mtoto wa huyu akipata nafuu, nusu iliyobaki inavuka kichochoro kwenda kwa mwingine.

Damu ikapimwa, jibu likaja kwamba vijidudu vile ni sugu, dawa zetu nyingi haziviui. Daktari alisema hakuna awezaye kuapa vilitoka wapi, pengine hata hospitalini. Ila dawa ikinywewa ovyo, au kwa ugonjwa usio wake, ndivyo vinavyoizoea. Ilibaki dawa moja tu, nayo mpaka itoke Mombasa.

Mama, niliogopa. Bi Zuhura hakulia mbele ya mtoto hata mara moja. Alimwimbia, akanawa mikono mpaka ikachubuka, na daktari alipokaribia kitanda akamzuia: "Bwana Daktari, mikono kwanda!" Daktari akarudi kwenye bomba kama mwanafunzi. Nusura nipige vigelegele.

Dawa ikafika, homa ikashuka. Swafiya alipoomba bajia, ndipo bibi yake alipolia.

Walipotoka hospitali alisafisha zidaka zote, akatuletea kikapu cha chupa ziteketezwe. Watu walimcheka. Juzi jirani yake akabisha hodi, mtoto wake ana homa, anataka ile dawa ya rangi ya waridi. Huku kumnyima jirani ni aibu kubwa, na Bi Zuhura hajapata kumnyima mtu hata kaa la moto. Akamwambia, "Yeo sikupi, mwanangu. Ndoo twende." Yaani leo hampi, aje waende hospitali.

Akavaa buibui lake, akambeba mtoto mwenyewe mpaka kwetu, jirani nyuma amenuna. Tukampima mtoto: mafua tu, hayahitaji antibiotiki. Jirani akafoka, "Ndia yote hiyo, kisha twambiwa mafua!" Bi Zuhura akacheka mpaka akakaa chini. "Alhamdulillahi," akasema. "Hayo mafua ndiyo niliyokuwa nikiyaomba."

Sasa Mama, usinikasirikie. Ulipomtibu Mwakio kikohozi kwa kapsuli zilizobaki za Mjomba, najua ulifanya kwa mapenzi. Ukaniambia kwa furaha kwamba nyingine umeziweka kwenye kopo la majani ya chai, za siku nyingine. Nilinyamaza, maana wewe ndiye unayenilelea mwanangu. Lakini nilikaa na Swafiya akitafuta pumzi, na uso niliouona pale kitandani ulikuwa wa Mwakio.

Nisalimie Shangazi Mkamburi na wateja wake wa mboga, na Baba, mwambie kofia nimeshamnunulia. Mjomba Mwadime mwambie dawa akiandikiwa azimalize mwenyewe, asimrithishe mtu. Lile kopo mpe huyu mwenzangu, yeye anajua pa kulipeleka.

Na Mwakio akiugua tena, nakuomba, Mama: mnyime, kisha umbebe umpeleke.

Mwanao akupendaye,
Wakesho