Nilichokwenda Kutafuta Kwenye Karaoke

Karatu

Yeyo, mama yangu mpendwa,

Nainamisha kichwa mbele yako uniwekee mkono kama siku zote, ingawa najua kwa sasa mkono huo ungependa zaidi kunizaba kofi. Hamjambo hapo Piyaya? Kikohozi kimekuachia? Mvua imefika, au bado inaishia kwa wenzetu wa Arash? Baba anapata maji ya ng'ombe karibu, au bado anahangaika nao mbali? Mimi mwanao ni mzima. Mikono tu ndiyo inapasuka kwa sabuni, na baridi ya Karatu asubuhi haina adabu, inaingia mpaka kitandani.

Namunyak, mdogo wangu, najua ni wewe unayesoma na kumgeuzia Yeyo kwa Kimaasai. Usiruke popote, hata pale utakapotajwa wewe. Na usiongeze chumvi, nakujua.

Yeyo, ujumbe wako niliupata. Nilipopiga simu hukutaka kuishika. Namunyak akaniambia kwa niaba yako kwamba mwanamke anayeimbia walevi hatafungua mdomo bomani kwako, na kwamba siku ya harusi yake Namunyak nije nikae na wageni, nile, niondoke. Niliirudisha simu mfukoni nikaenda kukunja mashuka ya wageni wa hoteli huku nalia. Mwenzangu wa chumbani, Paskalina, yule Mwiraqw wa Mbulu niliyekuambia anacheka hata akiota, siku hiyo hakucheka. Aliniambia, "Mwandikie mama yako. Kwenye simu mtagombana."

Basi naandika. Lisemwalo lipo, Yeyo. Ni kweli nimeimba baa. Mjomba alikuja Karatu mnadani, akaniona kwa macho yake, akakuletea habari. Lakini amekuletea nusu, na nusu iliyobaki ninayo mimi.

Habari yenyewe ilianzia hapo hapo nyumbani, nilipokuja likizo. Unakumbuka siku ya kumpongeza mke wa kaka kwa kujifungua. Wanawake walikusanyika, ukaanzisha wimbo kama ulivyouanzisha tangu mimi sijaota meno, na katikati sauti ikakatika. Ukajaribu tena, ikatoka hewa tu. Halafu mama mmoja wa boma la jirani akauchukua wimbo, nawe ukacheka, ukasema kikohozi kimekuibia, ukaenda kukaa. Wengine walikuamini. Mimi nilikuona ulivyokuwa unakaza shuka lako mabegani wakati hakukuwa na upepo, na niliumia sana.

Usiku huo Namunyak aliniuliza nani atamwimbia siku akitolewa bomani kwetu. Namunyak, soma, usione haya. Alisema anaogopa kutoka bila sauti ya Yeyo nyuma yake, maana bibi harusi hageuki kutazama nyuma, kwa hiyo sauti ndiyo kitu pekee cha nyumbani anachoondoka nacho. Mimi ndiye binti mkubwa, ningemwambia nitaimba. Sikumwambia. Mnajua wenyewe wanawake walivyoniita tangu utotoni, kifaranga, na walivyokuwa wakinisogeza nyuma kabisa nisiharibu.

Nikarudi kazini na jambo hilo kifuani. Sasa hapa Karatu kuna baa moja karibu na barabara kuu, inauza chakula na soda pia. Siku za Ijumaa jioni wanaweka karaoke. Ni hivi, Yeyo: wimbo unapigwa bila mwimbaji, maneno yanapita kwenye televisheni, na yeyote anayetaka anashika maiki anaimba. Wanaokwenda ni madereva wa watalii, wapishi, na sisi wa kufua na kupiga pasi. Paskalina alinivuta akisema, "Wewe si unataka sauti? Hapa hakuna atakayekurudisha nyuma, kila mtu anaharibu kwa zamu yake."

Siku ya kwanza nilijiaibisha, na nitakueleza ili ucheke kidogo. Nilichagua wimbo wa mapenzi wa zamani. Nikaimba mstari wa kwanza, nikanyamaza. Nilikuwa nasubiri waitikie. Kwetu nani anaimba mistari yote peke yake kama mtu anayegombana? Nikasubiri, nikawatazama, nao wananitazama. Huku nyuma yangu maneno yanapita mbio kwenye televisheni. Nikadhani mashine imeharibika, nikamgeukia kijana mwenye mashine, nikamwuliza, tena kwenye maiki, "Kaka, mbona hawaitikii?"

Baa nzima ilicheka. Yule kijana akasema, "Sista, hapa haitikii mtu. Ni wewe na skrini, kaza buti!" Nikajaribu kuyakimbiza maneno, pumzi ikaniishia, sauti ikatoka ile ile ya kifaranga. Nilitamani sakafu inimeze.

Paskalina ndiye aliyenipeleka kwa Mwalimu Boay. Ni mzee mstaafu, alifundisha kwaya ya kanisa miaka mingi, sasa analima mahindi na maharage nyuma ya nyumba yake na kufundisha anayetaka. Mkewe hutuletea chai na kukaa nasi. Mimi namfulia na kumpigia pasi majoho ya kwaya, yeye ananifundisha Jumapili mchana nikiwa sina zamu.

Nilimwimbia siku ya kwanza, akafumba macho kama mtu anayeumwa jino. Kisha akasema, "Mwanangu, sauti unayo. Lakini unaimba kwa shingo. Unaikaba mwenyewe halafu unalalamika imekufa." Akanilaza chali kwenye mkeka, akaniwekea kopo la maharage tumboni, akaniamuru nivute pumzi mpaka kopo lipande. Kuku wakaja kunishangaa. Akanifundisha kutetemesha midomo kama punda anavyofanya akimaliza kunywa maji. Paskalina alicheka mpaka akatoka nje ya ua. Halafu akanifundisha kufunga mdomo na kuvumisha wimbo ndani kwa ndani, polepole, mpaka nisikie mtetemo puani na kwenye meno. Nilipousikia mara ya kwanza, Yeyo, niligundua nimeshawahi kuusikia. Ndivyo ulivyokuwa ukivumisha asubuhi ukikamua, kichwa chako kikiwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe. Nililia kwenye mkeka wa watu.

Siku nyingine nilimweleza Mwalimu habari zako. Aliacha utani mara moja. Akauliza maswali mengi: kikohozi cha muda gani, moshi wa jiko, kama unalazimisha sauti itoke, kama unanong'ona. Nikasema unanong'ona sana. Akatikisa kichwa. Akasema kunong'ona kunaichosha sauti, na kwamba yeye si daktari, wewe uonwe koo kwanza na daktari mwenyewe, ndipo mambo ya kuimba yafuate. Hospitali ipo hapa Karatu. Nimeshaongea na msimamizi wangu, atanipa ruhusa siku utakayokuja, na kitanda changu kinakutosha wewe na mimi.

Sasa nije kwa Ijumaa ya Mjomba. Nilikuwa nimefanya mazoezi miezi kadhaa. Hata madereva walishaanza kusema, "Dada wa Piyaya ametulia siku hizi." Siku hiyo nilikwenda na wenzangu wote wa chumba cha kufulia. Nilipopewa maiki nilimwambia yule kijana azime mashine. Akasema, "Sasa karaoke gani bila mashine?" Nikamwambia anivumilie wimbo mmoja tu.

Nikaanzisha wimbo wako, Yeyo. Ule wa kumtoa bibi harusi. Nilivuta pumzi ya kopo la maharage, nikaimba mstari wa kwanza, nikanyamaza, nikasubiri. Wenzangu wa kufulia wakaitikia, maana nilikuwa nimewafundisha tukikamua mashuka. Paskalina alivuruga maneno yote lakini hakuvuruga sauti. Mstari wa pili walevi nao wakawa wameshajua pa kuingilia.

Na mstari wa tatu, kutoka mlangoni, ikaja sauti nene ya mwanaume inayoitikia kwa Kimaasai safi kabisa. Nikageuka. Alikuwa Mjomba, fimbo mkononi, soda mkononi, shingo inakwenda mbele na nyuma, anaitikia kwa moyo wake wote katika wimbo wa wanawake! Aliitikia mpaka mwisho. Wimbo ulipoisha ndipo akakumbuka yuko wapi na mimi ni nani, akakunja uso, akaniambia, "Mama yako atasikia haya," akatoka. Soda hakuimaliza. Muulize mwenyewe, Yeyo, muulize mbele ya Baba, nani aliitikia.

Kwa hiyo usimlaumu kwamba amesema uongo, na mimi usinilaumu kwamba nimepotea. Sijaonja pombe. Sikwenda kule kutafuta wanaume wala sifa. Nilikwenda kuitafuta sauti, kwa sababu yako ilikatika mbele za watu na mimi nilikuwa nimesimama nyuma sina cha kukusaidia. Jambo hilo linaniuma kuliko maneno yako ya kwenye simu.

Wala sitaki kuchukua nafasi yako, kama kuna anayekuambia hivyo. Nataka Namunyak akitolewa, mimi nianzishe na wewe uwe kati ya wanaoitikia, mstari wa mbele, karibu na mgongo wake, asikie mama yake yupo. Kuitikia hakuhitaji koo kubwa. Hata mdomo ukiwa umefungwa inatosha. Na kama pumzi itachelewa, usiogope. Pale bomani hakuna maneno yanayokimbia kwenye televisheni. Nitasubiri.

Nisalimie Baba, mwambie redio yake nimeipeleka kwa fundi, ila fundi anacheza na akili zetu. Msalimie bibi yetu, Koko, tumbaku yake inakuja na gari la mizigo pamoja na barua hii. Msalimie mke mdogo wa Baba na watoto wake, na mke wa kaka, mwambie anibusie mtoto. Msalimie na Mjomba, mwitikiaji wetu. Paskalina anakusalimu, anasema harusini atakuja mtake msitake.

Yeyo, sihitaji unijibu kwa barua. Najua pia kwa nini hukutaka kuishika simu, na najua si hasira peke yake. Namunyak, kesho ukipeleka mbuzi kule kilimani kwenye mtandao, mchukue Yeyo, unipigie, umwekee simu mdomoni. Asiseme neno lolote, wala asinong'one. Mimi nitaimba mstari wa kwanza, halafu nitanyamaza.

Binti yako mkubwa,

Nashipai