Neno Moja kwa Ettore

Kettle Brook, Vermont
16 Januari 1927

Mwanangu Zilpha,

Salamu nyingi. Natumai hujambo na huko Barre kuni zinawatosha. Mimi mzima, isipokuwa mgongo, na mgongo wangu unaujua. Ng'ombe wote kumi na wanne wazima. Dorcas bado ana kiburi, jana kapiga ndoo teke, nikabaki nayatazama maziwa yanavyoganda sakafuni.

Kazi ya kutandaza theluji darajani bado ni yangu. Daraja lina paa, theluji haiingii, na sleji za farasi, bila magurudumu, haziwezi kuteleza juu ya mbao kavu, basi kila baada ya siku mbili huyo baba yako Asahel Sprague na koleo lake, anachota theluji nje anaimwaga ndani. Jirani yetu Merritt Dow anapita ananicheka. Ati, "Binti yako akirudi na mumewe utapata msaidizi." Nikamwambia huyo mchonga mawe ya makaburi hajui hata koleo linashikwa upande gani.

Usinune. Najua bado una donge moyoni kwa sababu sikuja harusini mwaka juzi. Barabara ilikuwa mbaya.

Baba yako

———

Barre
6 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua nimeipata, nimecheka peke yangu jikoni kwa ajili ya Dorcas. Sisi tunaendelea, ingawa si vizuri sana.

Barabara ilikuwa kavu, Baba. Ilikuwa Juni.

Haya, tuyaache. Nina jambo zito. Ettore anakohoa tangu Krismasi. Wiki iliyopita nimemburuta kwa daktari, akamgongagonga kifua, akamwambia wazi: atoke kwenye karakana ya mawe kabla mwaka haujaisha, la sivyo vumbi litamwua kama lilivyomwua kaka yake. Wanaume wa mtaa huu wanakufa na miaka arobaini, Baba. Nawahesabu kanisani, wajane ni wengi kuliko wake.

Wewe una shamba na mgongo mbovu. Mimi nina mikono, na yeye anataka kujifunza. Nimemwambia twende Kettle Brook, akanijibu: "Nyumba ambayo mwenyewe hajaniita, siingii. Baba yako aniite. Neno moja tu." Unamwona mkaidi? Basi mwenzake namjua.

Mwite, Baba. Ninakuomba sana.

Binti yako Zilpha

———

Kettle Brook
13 Machi

Mwanangu,

Salamu. Habari ya kikohozi imenikosesha raha, sitakuficha. Mpe vitunguu vilivyochemshwa na asali.

Tumeshaanza kugema miti ya sukari. Usiku kunaganda, mchana jua, utomvu unatiririka mpaka ndoo zinafurika, na mimi niko kwenye kibanda nachemsha mpaka nyusi zinanata. Mkutano wa kijiji ulikuwa Jumanne ya kwanza kama kawaida. Tumebishana kwa muda wa saa tatu kuhusu mbwa wa Merritt, maharage yakapoa.

Nimekutumia shira, makopo sita. Najua wewe huwezi kumaliza makopo sita. Basi.

Kuhusu lile jambo lako, mlango wa nyumba hii haujawahi kuwa na kufuli, na kila mtu anajua.

Baba yako

———

Barre
3 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Shira imefika. Ettore ameimwaga hadi kwenye uji wa mahindi, anailamba kama mtoto. Nikamwambia, "Unaona? Baba kakutumia." Akageuza kopo, akalikagua kila upande, akasema, "Jina langu liko wapi?"

Baba, mimi ni binti yako, najua kopo la tatu mpaka la sita lilikuwa la nani. Najua mlango usio na kufuli maana yake nini. Lakini yeye alizaliwa ng'ambo ya bahari, kwao watu wakimpenda mtu wanampigia kelele kutoka dirishani. Hawezi kusoma makopo. Mwandikie. Yeye mwenyewe, kwa jina lake: Ettore Galfetti. Unajua hujawahi kuliandika?

Binti yako Zilpha

———

Barre
28 Agosti

Baba,

Shikamoo. Zaidi ya miezi mitano hujaniandikia. Mke wa Merritt ameniambia u mzima na umemaliza kukata nyasi, basi ugonjwa si sababu.

Nakuandikia kwa sababu wiki hii imekuwa nzito. Unajua habari ya wale Waitaliano wawili waliouawa na serikali huko Boston, na wengi wanasema hawakuwa na hatia. Hapa mtaani watu wametembea kimya na vitambaa vyeusi, karakana zimefungwa. Ettore hakuwajua, ni Waitaliano wenzake tu, lakini ameketi kwenye ngazi siku nzima. Akaniuliza, "Zilpha, mtu kama mimi anahitajika wapi katika nchi hii?" Nikaketi naye pale ngazini.

Mwezi uliopita tulikuwa tumefurahi kidogo. Yule rubani aliyevuka Atlantiki alitua Springfield, na jirani mwenye gari akatuchukua kwenda kumwona. Watu walikuwa kama nyuki. Ettore alinibeba mabegani nikaona, halafu akakohoa mpaka tukakaa chini. Zamani angenibeba siku nzima.

Nimechoka kukusihi, lakini sina mwingine wa kumsihi.

Zilpha

———

Kettle Brook
11 Septemba

Mwanangu,

Hujambo. Pole. Mpe pole na yeye. Nilisoma gazetini, nikakunja gazeti, nikaenda kukamua ng'ombe nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi.

Si kwamba sijaandika. Nimeandika. Nikifika kwenye "Bwana Galfetti" naona ninamwandikia mkusanya kodi, nachana. Nikiandika "Ettore" naona haya kama kijana anayeposa, nachana. Mama yako ndiye alikuwa mwenye maneno katika nyumba hii. Mimi nilikuwa nikitikisa kichwa tu.

Na barabara ilikuwa kavu. Nilivaa suti, nikafunga farasi, nikafika mpaka darajani nikarudi. Nilimwona mumeo ni mtu anayekuja kukuchukua, nikamchukia kwa hilo. Sasa unajua.

Nipe muda kidogo.

Baba yako

———

Barre
7 Novemba

Baba wangu mpendwa,

Sijui kama barua hii itakufikia. Sijui hata kama upo.

Sisi tuko salama, nyumba yetu iko mlimani. Chini mjini maji ya mafuriko yamepita madukani, watu wamekufa maji katika barabara ileile ninayonunulia mkate. Reli zimeng'olewa, nyaya za simu ziko chini. Mtu mmoja amesema mto wenu umechukua madaraja yote. Nikamuuliza, na nyumba? Akasema hajui.

Jana asubuhi Ettore alivaa viatu vyake vya kazi, akachukua mkate, jibini na kamba. Nikamwambia, "Maili thelathini za matope, na kifua hicho?" Akasema, "Ni baba yako." Nikamwambia, "Hajakuita." Akasema, "Siendi kukaa. Nakwenda kutazama tu kama yu hai."

Sasa nina watu wawili wa kuwasubiri. Tafadhali Baba, uwe hai. Mengine yote nimeshayasamehe.

Zilpha

———

Kettle Brook
13 Novemba

Zilpha mwanangu,

Niko hai! Na mumeo yuko hai. Barua hii inavushwa mto kwa ndoo na kamba, kwa hiyo kama ina tope, vumilia.

Mvua ilinyesha Jumatano usiku na Alhamisi yote. Mimi na Merritt tukafanya kama wazee wetu walivyofanya maji yakipanda: tukajaza daraja mawe, ili liwe zito lisinyanyuliwe. Mikokoteni minane! Safari zote zilizopita lilisimama. Safari hii maji hayakulinyanyua, yalilisukuma, na mawe yetu yakaenda nalo. Nilikuwa nimeshashuka, ila boriti ilinigonga, mguu ukavunjika chini ya goti. Merritt aliniburuta nyumbani, akaniganga kwa mbao, akakimbilia kwake kuokoa kondoo.

Siku nne nimelala. Asubuhi na jioni Merritt alikuja kukamua ng'ombe alioweza, wengine walilia mpaka nikaziba masikio kwa mto wa kulalia. Jumanne mlango ukagongwa. Nani anagonga mlango katika kijiji hiki? Nikasema ingia, akaingia mtu wa tope tupu, macho tu ndiyo yanaonekana. Akasema, "Bwana Sprague, mimi ni Ettore. Uko hai?" Nikamwambia nafikiri hivyo. Akasema, "Vizuri," akaenda moja kwa moja kwa ng'ombe.

Hajui kukamua, Zilpha. Ebo! Dorcas alimrusha mara mbili. Nilikuwa napiga kelele kutoka kitandani: "Kidole cha juu kwanza! Usivute, kamua!" Siku ya tatu maziwa yakatoka. Nikamweleza habari ya mawe darajani, akanitazama kwa huruma, akasema, "Na hamkumuuliza mtu wa mawe?" Nilicheka mpaka mguu ukauma.

Ananibeba mgongoni kwenda chooni. Ananipikia mchuzi wenye vitunguu saumu, na naunywa. Lakini akimaliza kunihudumia anatoka. Analala ghalani juu ya nyasi, anakula amesimama mlangoni. Nikamwambia kaa, akasema, "Ahsante, sikuja kukaa." Nikamwambia nimeshakuandikia! Akatabasamu tu. Anaona namwita kwa kuwa nimevunjika mguu.

Ni kweli tupu, mwanangu. Niliimaliza barua yake Jumatano ile tarehe mbili, mchana, nikampa mtu wa posta kwa mkono wangu. Iko wapi? Ikifika, mwandikie haraka umwambie ina tarehe gani. Hakohoi sana hapa. Nasikiliza.

Baba yako

———

Barre
27 Novemba

Baba yangu,

Shikamoo, na pole ya mguu. Nimelia mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza.

Barua imefika jana. Mfuko wa posta ulikutwa umenasa kwenye miti chini ya kinu cha mtoni, wakaukausha jikoni kwa mtu. Bahasha uliiandika kwa penseli, inasomeka vizuri: Ettore Galfetti, Barre. Nimeishika muda mrefu kabla ya kuifungua.

Ndani uliandika kwa wino, Baba. Hakuna kitu. Kurasa mbili za rangi ya samawati hafifu, hata herufi moja haikubaki, wala tarehe. Nimeipeleka dirishani, nimeipasha moto juu ya taa, wapi.

Ningeweza kumwambia nimeisoma. Lakini akiniuliza umesema nini, sitaweza kumtungia maneno yako. Sijawahi kuyasikia, siyajui yanavyokuwa.

Na karakana inafunguliwa Jumatatu ijayo. Ameniandikia kwamba daraja la kamba linalojengwa huko likikamilika anarudi kazini. Tafadhali, Baba.

Zilpha

———

Kettle Brook
4 Desemba 1927

Kwa Ettore Galfetti, ghalani

Mwanangu Ettore,

Hujambo. Mimi sijambo, umenibeba asubuhi hii, unajua.

Naandika kwa sababu kinywa changu hakiwezi, na naandika kwa penseli. Nimetumia herufi kubwa na maneno mafupi, kwa sababu Zilpha anasema unasoma Kiingereza chetu polepole. Merritt anakuletea.

Nilikosea kutokuja kwenye harusi yako. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza kwenye ile barua nyingine. La pili, usirudi kwenye vumbi. La tatu, chumba cha juu ya jiko kina joto na madirisha mawili, kilikuwa cha kushonea cha mama yake Zilpha, nacho ni chenu. Niliandika pia mambo mengi kuhusu ng'ombe, nikazunguka sana. Hayo, maji yamefanya vizuri kuyafuta.

Nakuita, na si kwa sababu ya mguu. Mguu ukipona nitakuita tena, kwa sauti, Merritt akiwa shahidi.

Nimejikokota mpaka mezani. Nimeweka sahani mbili. Mchuzi wako unapoa na sitagusa kijiko mpaka umeketi.

Ingia ndani.

Baba