Pikapu ya Lyle Imeenda Juu

Jumamosi, 2 Novemba

Leo wameinua pikapu ya Lyle, ikae juu kuliko ilivyotoka kiwandani. Tangu asubuhi uani — jeki, magogo, bia, wanaume watatu chini ya gari moja, miguu yao tu ndiyo inaonekana. Kaka yangu Lyle, na Hoyt anayetengeneza mashine za kukatia miti, na Burl wa ng'ambo ya mto. Huku kwetu bondeni mwanamume hapeleki pikapu gereji ikainuliwe. Akipeleka atachekwa mpaka siku ya mazishi yake. Unaita rafiki zako, kila mmoja anakuja na spana zake, wewe unachoma nyama. Hayo ndiyo malipo.

Springi ndefu mbele, vipande vya chuma nyuma, kisha tairi mpya zinazonifika karibu na kiuno. Lyle alitaka izidi kidogo, kwa hiyo juu ya springi ndefu wakaongeza vyuma vya duara vilivyotolewa kwenye gari la zamani la Burl. Nikauliza kama inafaa kupandanisha hivyo. Hoyt akanijibu kutoka chini: "Profesa, hii si keki, haitabonyea." Wakacheka. Nami nikacheka.

Nyama ilipoiva Lyle akaita. Wote wakatambaa nje, wakafuta mikono kwenye suruali, wakala. Nilipotazama tena pikapu ilikuwa imeshushwa kwenye magurudumu yake na Burl anaipiga picha.

Nimtendee Lyle haki. Amefanya kwa ajili ya Mama. Februari theluji ilitufungia huku chini, Mama akakosa kwenda kusafishwa damu, na sote tuliona miguu yake ilivyovimba. Lyle aliapa haitatokea tena. Gari langu mimi liko nyuma ya nyumba tangu Agosti, gia boksi imekufa. Basi ni pikapu hii, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa: kupanda mteremko wa Sorley mpaka hospitali juu uwandani, halafu kushuka tena nyumbani.

Mama alitoka na shali yake kuitazama. "Imependeza," akasema. "Sasa mimi nitaipandaje?"


Jumatatu, 4 Novemba

Alipandishwa. Lyle alimwekea kreti, akamshika kiuno, mimi nikasukuma kwa nyuma. Mama anacheka, anasema hajabebwa hivi tangu harusi yake. Alipokaa niliona midomo imekuwa ya kijivu. Na mkono alioshikia mlango kujivuta ni ule wenye mshipa wa kuunganishia mashine ya damu, ule ambao manesi walimkataza hata kubebea maziwa.

Njiani tairi zinavuma. Sauti moja tu, haikatiki, inaingia kwenye meno. Juu uwandani upepo unatusukuma ubavuni na Lyle anarekebisha usukani bila kupumzika, kushoto kidogo, kulia kidogo, kama anamtuliza farasi. Magari yanayotujia yanatuwashia taa ful, maana taa zetu sasa zinawachoma machoni. Lyle anafikiri wanaisifu pikapu. Amewapungia mkono.

Karibu na hospitali taa zilikuwa nyekundu. Akakanyaga breki pale alipozoea kukanyaga. Gari likaendelea. Tulisimama juu ya mistari ya waendao kwa miguu. Mwanamke alipita mbele yetu akitutolea macho, nami nilimwona kuanzia mabega tu. Alipofika upande wa pili ndipo nikaona kwamba alikuwa anasukuma kigari cha mtoto. Boneti ilikuwa imekifunika chote.

Mama akasema, "Ana haraka, yule."


Jumatano, 6 Novemba

Mshale wa spidi unadanganya. Nilijua utadanganya — tairi kubwa, kila mzunguko unakwenda mbali zaidi, na gari halijui. Nimelinganisha na simu. Tunakwenda kasi kuliko mshale unavyosema, na si kidogo. Mteremkoni, kwenye kona zilizoandikiwa mwendo, tunazidisha bila kujua.

Nilimwambia Lyle. "Basi tunafika mapema," akasema. "Nishukuru."

Nilisoma takwimu miaka mingi kuliko nilivyopenda, na sasa kazi yake ni hii: kukaa katikati ya kiti kimoja kirefu, kati ya watu wawili ninaowapenda, nikihesabu kimyakimya kitu ambacho hakuna anayetaka jibu lake.


Ijumaa, 8 Novemba

Daraja la chini, kurudi. Kuna ufa wa chuma pale lami inapokutana na daraja. Tuliupita kama siku zote na usukani ukashikwa na wazimu. Sijui nisemeje vingine. Ulikuwa unatikisika kushoto na kulia haraka mno, mikono ya Lyle ikawa haionekani vizuri, dashibodi nzima inagonga, kioo cha ndani kimening'inia. Alikanyaga breki, ikazidi. Ilitulia tu tuliposimama kabisa, nusu yetu kwenye njia ya magari yanayokuja.

Kisha Mama, taratibu: "Lyle, baba, ni nini hicho?"

"Tairi mpya, Mama. Zinatafuta mahali pa kukaa."

Jasho lilikuwa linamtoka mbele ya masikio. Nje kulikuwa na barafu.

Burl alikuja jioni kurudisha jeki. Lyle akamsimulia kama kichekesho. Burl akasema kila gari lililoinuliwa hucheza kidogo. "Ukitaka kisichocheza nunua sofa." Lyle alicheka kupita kiasi.

Mimi nimeanza kusoma. Mbele kuna fimbo ya chuma iliyolala mlalo. Kazi yake ni kushika ekseli isihame kando. Bolti yake isipokazwa sawasawa, au fimbo ikiwekwa kwenye pembe mbaya kwa sababu gari limeinuliwa mno, mtikisiko mmoja unatosha kuuamsha wazimu ule wa usukani. Na bolti zote zinatakiwa kukazwa tena baada ya safari za mwanzo. Hakuna aliyezikaza tena. Hakuna aliyesema neno hilo.


Jumapili, 10 Novemba

Baada ya ibada, chakula cha pamoja kwenye ukumbi wa kanisa. Nilimfuata Hoyt penye kahawa. Nikamwuliza nani alikaza ile fimbo ya mbele.

"Burl. Mimi nilikuwa upande wa breki."

Nikamfuata Burl penye viazi.

"Hoyt. Mimi nilikuwa naishika tu ikae sawa, halafu tukaitwa kula." Akanitazama. "Kwani vipi? Lyle amelalamika?"

"Hapana."

"Maana kama amelalamika, aje aniambie mwenyewe."

"Hajalalamika, Burl."

Nilirudi mezani na sahani tupu. Walitoka wote wawili pamoja kwenda kula. Kila mmoja aliacha kazi akiamini mwenzake ameimaliza. Na sasa hakuna atakayeingia chini kutazama, kwa sababu huku kwetu kutia spana kwenye nati aliyokaza rafiki yako ni kumwambia usoni kwamba hajui kazi. Alikupa Jumamosi yake bure, halafu unamkagua? Afadhali umtukane mama yake.


Jumatatu, 11 Novemba

Walimwambia. Bila shaka walimwambia.

Lyle alinisubiri kwenye ngazi. Sauti ya chini, ndiyo mbaya zaidi. "Umekwenda kanisani kuwahoji rafiki zangu."

"Nimeuliza swali moja."

"Umeuliza watu wawili swali moja. Hiyo inaitwa kuhoji. Hoyt kaniuliza kama sasa nina mkaguzi wa serikali nyumbani."

"Na bolti imekazwa?"

Akavaa kofia. "Ulikaa chuo mpaka ukasahau namna watu wanavyoishi."

Hilo liliniingia. Bado limo. Labda ni kweli. Nimejitazama kwenye kioo nikajaribu kuona kama mimi ni mtu anayeogopa au ni mtu anayetaka tu kuwa sahihi. Sikuweza kutofautisha. Uso ni mmoja.

Tulikwenda, tukarudi. Hakuna kilichotokea. Lyle aliupita ule ufa wa daraja kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai, na nyuma yetu lori lilipiga honi mpaka ng'ambo. Kwa hiyo anajua. Anajua!


Jumatano, 13 Novemba

Imetikisika tena. Si darajani. Barabara laini, uwandani, hakuna hata shimo. Mama alifumba macho, akashika mkono wangu. Hakuuliza.


Ijumaa, 15 Novemba

Nilimpata Mama peke yake, anamenya tufaha jikoni. Nikamwambia mke wa mchungaji amekubali kumpeleka Jumatatu kwa gari lake. La chini, la kawaida, lenye mlango anaoufikia.

Aliendelea kumenya. "Na Lyle atafanya nini Jumatatu?"

"Atapumzika."

"Ataniangalia nikipanda gari la mtu mwingine mbele ya nyumba yake. Bonde zima litaona. Watauliza, kwani pikapu ya Lyle ina nini?"

"Ina kasoro, Mama."

"Najua ina kasoro. Mimi ndiye ninayekaa dirishani." Akakata tufaha, akanipa nusu. "Mwanangu, mimi naogopa ile mashine ya damu kuliko gari lolote. Mara tatu kwa wiki naiona damu yangu ikinitoka, inazunguka kwenye mipira, naomba irudi. Kaka yako hawezi kunisaidia pale. Hawezi kufanya kitu. Alichoweza ni hiki. Sasa unataka nimnyang'anye?"

Nilikula tufaha. La kumjibu nalipata sasa, sentensi baada ya sentensi, zote nzuri, zote zimechelewa. Kwamba yeye ndiye anayenyang'anywa. Kwamba upendo wa Lyle una uzito wa tani mbili na nusu na hauwezi kusimama kwa wakati. Badala yake nimempigia mke wa mchungaji kumwambia asije. Aliuliza kama kila kitu kiko sawa, nikasema ndiyo.

Hapo na mimi nimeingia kundini. Kama Hoyt na Burl.


Jumatatu, 18 Novemba. Hospitali

Naandika nikiwa chumba cha kungojea. Mama yuko ndani, wanakaribia kumtoa kwenye mashine. Kupanda asubuhi kulikuwa shwari. Mlimani gari ni zito, polepole, linatii. Kupanda hakujawahi kuwa shida. Theluji imeanza, mapande makubwa, hayana haraka.

Kutoka dirishani naona maegesho. Lyle alisema anakwenda kununua kahawa. Hakwenda. Amelala chali chini ya pikapu, upande wa mbele, mgongo kwenye theluji. Naona buti zake tu. Hapa hakuna Hoyt, hakuna Burl, hakuna anayemjua.

Mtu anayekaza bolti miguu yake husogea, anajikaza, anasukuma. Ya Lyle haisogei. Iko tu. Theluji inaanza kukaa juu ya buti.

*

Ameingia. Mgongo umelowa, mikono ina grisi. Akakaa kiti cha pembeni yangu.

"Umeona nini?"

Anatazama sakafu. "Polepole itafika."

"Sikuuliza kama itafika."

Nikamwambia kuna duka la tairi mtaa wa pili, wana jeki, wana vipimo, tuiache, tulale kwenye hoteli ile ya barabarani. Akatikisa kichwa. Binamu wa Hoyt anafanya kazi pale. "Bondeni watajua kabla hatujamaliza kuvaa makoti."

"Wajue."

Akatoa funguo mfukoni, akaziweka pajani kwangu. Hajawahi kuniachia niendeshe pikapu yake, hata kuisogeza uani.

"Endesha wewe," akasema. "Mkono wako ni mtulivu. Mama akiuliza, mwambie kiganja kinaniuma."

Nimemtazama kiganja. Hakina kitu.

Nesi amemtoa Mama. Kiwiko kimefungwa bandeji, koti mabegani, uso mweupe kama kawaida baada ya mashine. Anatabasamu kwetu sote wawili. "Twendeni, wanangu, kabla barabara haijaziba."

Lyle amenyanyuka kumshika. Wamefika mlangoni, ule unaofunguka wenyewe. Unafunguka, baridi inaingia, unafungwa, unafunguka tena, kwa sababu wamesimama pale wananingoja. Lyle hanitazami. Mama anauliza ninaandika nini kirefu hivyo.

Funguo ziko pajani. Bado sijazigusa. Bado nimekaa, naandika.